Kosa na Mkosaji

Wahenga wetu wametuachia methali nyingi zenye hekima, lakini iko moja ambayo kila niisikiapo hunitia wasiwasi. Husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nayajua matumizi yake mema. Hutuasa tusipuuze habari za njaa, za vita au za maradhi kwa sababu tu hazijafika mlangoni petu. Lakini methali hiyo hiyo imekuwa kichaka cha watu wavivu wa kuchunguza. Mtu akitajwa kwa ubaya, haulizwi nani kasema, wala kwa ushahidi gani. Husemwa tu kwamba lisemwalo lipo, na kesi imekwisha.

Swali ambalo napenda tulitafakari ni hili: jambo linapoharibika mikononi mwetu, wajibu wetu wa kwanza ni upi, kutafuta kosa au kutafuta mkosaji? Mtu wa haraka atadhani hayo ni mamoja. La hasha. Kosa ni tukio lenye sababu. Mkosaji ni mtu mwenye jina, mwenye wazazi, mwenye kesho yake. Kosa hutafutwa kwa vipimo. Mkosaji aghalabu hutafutwa kwa macho tu, yaani hutazamwa nani alikuwa karibu, nani mgeni, nani mnyonge asiyeweza kujitetea. Ndiyo maana ikasemwa kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mfano wangu nitautoa mahali ambapo huenda msomaji hakupatarajia: kwenye kompyuta iliyokataa kuwekewa Linux kutoka kwenye sidii. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mashine haina ukoo wala kabila, haina deni na mtu, na kwa hiyo njia ya kutafuta kosa huonekana ndani yake waziwazi bila ya kuchanganyika na chuki zetu. Pili, katika mkasa nitakaoueleza, jina la mtu lilikaribia kupotea kwa ajili ya mashine hiyo.

Kwa wasioifahamu, Linux ni programu ya msingi inayoendesha kompyuta, ile inayoamka kwanza na kuzipa programu nyingine mahali pa kufanyia kazi. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, kisha ikakuzwa na maelfu ya watu waliopeana kazi zao hadharani, kila mmoja akiwa huru kuitazama kazi ya mwenzake na kuisahihisha. Hutolewa kwa majina mbalimbali, na mojawapo ni Ubuntu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 2004 kwa jitihada na fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji tafsiri ndefu kwa Mswahili. Ubuntu wa Wazulu na Waxhosa ndio utu wetu sisi, neno moja la Kibantu lililovaa nguo mbili. Tangu mwaka 2005 hadi 2011 sidii za Ubuntu zilipelekwa kwa posta, bila ya malipo, kwa yeyote aliyeomba, zikafika hata kwenye masanduku ya barua ya shule zetu. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa flashi, lakini mambo yanayoweza kuharibika hayajabadilika sana.

Na mambo hayo ni mengi. Sidii moja hubeba takriban megabaiti 700, zilizoandikwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka karibu na kitovu kwenda nje, mstari ambao ukinyooshwa hupita kilomita 5. Mwale wa leza husoma mstari huo, waya hupeleka kilichosomwa, kumbukumbu ya kompyuta hukipokea, prosesa hukifumua kwa kuwa kilibanwa ili kipate kuenea, na diski kuu iliyomo ndani hukiandika. Kosa laweza kuingia katika hatua yoyote ya safari hiyo. Laweza pia kuwa lilitangulia safari yenyewe: faili lilikatika wakati wa kupakuliwa kutoka kwenye intaneti, au sidii ilichomwa kwa kasi mno, au aliyeichoma alilitupia faili zima kama lilivyo badala ya kulifungua kuwa sidii kamili, au programu ilitengenezwa kwa ajili ya prosesa za biti 64 na mashine ni ya biti 32, au kompyuta imepangwa ianzie kwenye diski kuu, na kwa hiyo haikupata hata kuitazama hiyo sidii. Milango ni mingi, lakini mwenye kompyuta huona jambo moja tu: imeshindikana.

Sasa nieleze mkasa wenyewe. Mwaka 2008 shule moja ya sekondari ya bweni katika mkoa wa Tanga ilipata kompyuta 10 zilizokwisha kutumika, msaada wa marafiki wa ng'ambo. Kijana mmoja aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, akisubiri kwenda chuo, alijitolea kuzisafisha vumbi na kuziwekea Ubuntu kwa sidii iliyokuja kwa posta. Kompyuta sita zilikubali. Ya saba ikakataa. Mara kazi ilikwama ikiwa imefika robo, mara ikiwa imevuka nusu, na kila mara kwenye kioo likatokea tangazo kwamba kuna faili lililoshindwa kusomwa.

Maneno yakaanza. Wa kwanza walisema sidii yenyewe ni mbovu, kwani cha bure ni cha bure. Wa pili walisema kijana kaikwaruza. Wa tatu wakakumbuka kwamba kijana alionekana ameifungua mashine hiyo kwa bisibisi, na hapo ndipo lilipozaliwa neno zito: ametoa kitu kizima akatia kibovu, na kile kizima kakiuza mjini. Hakuna aliyesema kwamba alimwona akiuza. Lakini lisemwalo lipo. Kabla ya wiki kwisha, kijana aliambiwa asikanyage tena chumba cha kompyuta, na mama yake, aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na lango la shule, akawa anaulizwa na wateja mambo ambayo hakuna mzazi apendaye kuulizwa.

Mwalimu Mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita fundi mmoja mzee wa redio na televisheni aliyejifunza kompyuta ukubwani. Mzee huyo ni rafiki yangu, nami nilifuatana naye. Alipoanza kusimuliwa habari za kijana, alinyanyua mkono kwa adabu akasema, "Mwalimu, nimeitwa kutazama mashine. Hayo mengine tuyaache mlangoni kwanza."

Jambo la kwanza alilolifanya ni kulisoma lile tangazo hadi mwisho, kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya. Lilikuwa la Kiingereza, na halikusema kwamba sidii ni mbovu. Lilisema kwamba kosa la namna hiyo mara nyingi hutokana na sidii, au chombo cha kuisomea, au diski kuu; likashauri sidii ifutwe, au ichomwe upya kwa kasi ndogo, au hata mashine ihamishiwe penye ubaridi. Mashine ilisema "mara nyingi". Watu walisikia "hakika".

Kisha akaichukua sidii ile akaitia kwenye kompyuta ya nane. Katika orodha inayotokea mwanzoni, kabla ya kitu chochote kuwekwa, sidii za Ubuntu za wakati ule zilikuwa na chaguo la kujikagua zenyewe. Kila faili lililomo lilikuwa limeandikiwa hesabu yake ya uhakiki, mfano wa alama ya kidole: herufi na tarakimu 32 zinazopatikana kwa kulipitisha faili zima katika kanuni moja ya hesabu. Pakibadilika jambo hata dogo namna gani ndani ya faili, hesabu hazilingani tena. Kompyuta ya nane ilizikagua faili zote ikasema hakuna kasoro. Akairudisha sidii kwenye ya saba na kuiagiza ukaguzi ule ule. Ikasema faili 2 zina kasoro. Akarudia; ikasema 5. Akarudia tena; ikasema 3.

Hapo mzee alitabasamu. "Jeraha halihamihami," alisema. Kama sidii ingekuwa na mkwaruzo, mkwaruzo ungekuwa pale pale ulipokuwa, na hesabu ingekaribia kuwa ile ile kila mara. Tena sidii huandikwa pamoja na tarakimu za ziada za kurekebishia, kwa kuwa waliozibuni walijua kwamba zitashikwa na mikono ya wanadamu, na kwa hiyo mkwaruzo mdogo hausumbui kitu. Sidii ilikuwa imekwisha kujitetea.

Akafungua skrubu, akabadilishana vyombo vya kusomea sidii kati ya mashine ya saba na ya nane. Ya saba ikakosea vile vile, ya nane ikafaulu vile vile. Akavirudisha. Kila hatua alibadilisha kitu kimoja tu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba ukibadilisha viwili na mambo yakanyooka, hutajua kipi kilikuwa kigonjwa, na kesho utakitupa kizima ukakiweka kibovu.

Mwisho alichagua kutoka katika orodha ile ile kipimo cha kumbukumbu. Kipimo hicho huandika tarakimu katika kila chumba cha kumbukumbu ya kompyuta, kisha huzisoma na kulinganisha kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Tukanywa chai. Tuliporudi, kioo kilikuwa na mistari myekundu. Akang'oa kijiti kimoja cha kumbukumbu kati ya viwili vilivyokuwemo, akapima; mistari ikarudi. Akaking'oa kilichobaki akakirudisha cha kwanza, safi. Akaanza kuiweka Ubuntu, na kabla ya magharibi mashine ya saba ilikuwa imekubali, ikiwa na kumbukumbu pungufu kuliko wenzake, lakini kamili wa akili. Namba iliyobandikwa kwenye kile kijiti kibovu ilifanana na namba iliyoandikwa katika orodha ya vifaa iliyokuja na msaada. Kibovu kilikuja na mashine kutoka ng'ambo. Hakuna aliyekibadilisha.

Mwalimu Mkuu alitoa bahasha. Mzee hakuipokea. "Mashine imepona, Mwalimu," alisema, "lakini yale tuliyoyaacha mlangoni bado yapo mlangoni." Asubuhi ya pili kijana na mama yake waliitwa, na mbele ya wanafunzi na walimu waliokuwa wamesimama mstarini, ikaelezwa kwamba kijana hakuchukua kitu. Ndipo mzee alipopokea ujira wake. Kijana alishukuru, akaaga, na kompyuta tatu zilizosalia aliziweka mtu mwingine. Nilisikia baadaye kwamba wako watu ambao waliendelea kununua vitumbua mahali pengine.

Nimeufikiria mkasa huo mara nyingi, na kila nikiufikiria naona kwamba somo lake si subira peke yake. Tazama ajabu iliyomo. Mashine iliyotoa mashtaka ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Sidii ilikuwa nzima, chombo cha kuisomea kizima, na kijana hana hatia. Kilichokuwa kibovu ni kumbukumbu ya mlalamikaji mwenyewe. Alisoma vizuri, akakumbuka vibaya, kisha akamlaumu aliyemsoma. Na katika orodha yake ya watuhumiwa, kumbukumbu yake haikuwamo. Alishuku sidii, akashuku chombo, akashuku diski kuu, akashuku hata joto la chumba. Nafsi yake hakuishuku.

Je, sisi tu tofauti? Mtu aliyewahi kudhulumiwa na mgeni mmoja huweka jambo hilo katika kumbukumbu yake, na tangu siku hiyo kila mgeni amsomaye hutoka na kasoro. Mzazi aliyeudhiwa na mtoto mmoja husoma ujeuri hata katika ukimya wa mtoto mwingine. Hatusemi uongo tunaposema kwamba tumeona ubaya. Kweli tumeuona, kama mashine ya saba ilivyoona faili mbovu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Lakini mbaazi unaosingizia jua si lazima uwe mnafiki. Yamkini ndivyo unavyoona kwa dhati kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Mnafiki anajua ukweli na siku moja aweza kuona haya. Mwenye kumbukumbu mbovu hana la kumwonea haya, kwa kuwa ushahidi wote alio nao unamuunga mkono.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake cha Al-Munqidh min al-Dalal namna alivyofikia kuyatilia shaka hata macho yake. Jicho, alisema, huiona nyota kuwa ndogo kama dinari, ilhali hesabu zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Jicho halina nia mbaya, na wala haliwezi kujisahihisha lenyewe kwa kutazama zaidi. Linahitaji kipimo kingine kilicho nje yake. Kompyuta ya saba nayo isingejigundua kwa kurudia kusoma sidii, hata ingerudia mara mia. Ilihitaji sidii ile ile isomwe na mwingine, kisha ipimwe yenyewe.

Najua kuna watakaonipinga, na pingamizi zao ni za haki. Wa kwanza watasema kwamba nawafungulia wakosaji mlango wa kukimbilia. Tazama maofisini, watasema: mwananchi akienda kutafuta haki yake huambiwa mtandao uko chini, na kila uzembe wa mtu hutwikwa mashine. Ni kweli, na inaudhi. Lakini anayesema mtandao uko chini bila ya kuutazama, amefanya kosa lile lile la aliyesema kijana ni mwizi bila ya kumpeleleza. Wote wawili wameamua kabla ya kupima. Tofauti ni kwamba mmoja kachagua kulaumu kitu na mwingine kachagua kulaumu mtu. Kutafuta kosa kwanza hakumwondolei mkosaji hatia yake. Kama namba ya kijiti isingefanana na ile ya orodha, kijana angekuwa na la kujibu, na angeulizwa kwa haki. Mkosaji yupo mara nyingine, lakini inafaa atokee mwisho wa uchunguzi, akiletwa na ushahidi, wala si mwanzo, akiletwa na maneno.

Wa pili watasema kwamba maisha ni mafupi, na hakuna awezaye kupima kila kitu. Hilo nalo ni kweli. Hata fundi wetu hakupima kila kitu; hakuigusa diski kuu, kwa kuwa haikuhitajika. Alianza na kipimo kisichogharimu chochote, yaani kusoma tangazo hadi mwisho, akafuata kilichohitaji dakika chache, na bisibisi ikaja baadaye. Basi na sisi tupime kwa kadiri ya uzito wa neno tunalotaka kulisema. Kusema "sidii hii nadhani ni mbovu" hakuhitaji ushahidi mwingi, kwani sidii haina mama anayeuza vitumbua langoni. Kusema "fulani ni mwizi" kunahitaji ushahidi mzito kuliko wote, na ajabu ni kwamba hilo ndilo tunalolisema kwa wepesi kuliko yote. Shule ile ilikuwa na subira ya kuita fundi kwa ajili ya mashine ya msaada. Kwa ajili ya kijana wake haikuita mtu.

Jambo moja zaidi lanipendeza katika sidii ile ya bure iliyodharauliwa. Iliweka katika orodha yake ya mwanzo njia ya kuikagua yenyewe, na hata njia ya kuikagua mashine inayoipokea, kabla haijaomba kuaminiwa kwa lolote. Haikuona kwamba kupimwa ni kutukanwa. Sisi tukiambiwa tuthibitishe neno letu hupandwa na hasira, tukauliza, "Kwani huniamini?" Laiti tungejua kwamba kuhakiki si kudhania vibaya. Muungwana ni yule ampaye mwenziwe njia ya kumhakiki, akiwa ndiye anayeshuku au ndiye anayeshukiwa. Nadhani hiyo ni sehemu ya utu, iwe tunauita utu au ubuntu.

Narudi kwa wahenga wetu, kwa heshima zote. Wamesema lisemwalo lipo, nami sithubutu kuwakanusha. Naongeza swali dogo tu ambalo fundi yule mzee alinifundisha kuliuliza. Lisemwalo lipo, sawa. Lakini lipo wapi? Kwa anayesemwa, au kwa anayesema?